Kutoka Bonge la Chuma hadi Ubapa Mrefu: Mabadiliko ya Awali ya Umbo la Sime na Mkuki wa Vita katika Milima ya Upare na Nyanda za Same

IKISIRI

Makala hii inaeleza jinsi umbo la sime na mkuki wa vita lilivyobadilika katika eneo linalojumuisha Milima ya Upare, nyanda za Same na miteremko ya Kilimanjaro, hususani katika karne ya 19. Maandishi mengi huzitaja silaha hizo kwa jina la watumiaji wake, hasa Wamaasai, na huyaeleza mabadiliko ya umbo lake kuwa matokeo ya matakwa ya wapiganaji. Kwa kuongozwa na mkabala wa msururu wa utendaji, makala inaonyesha kwamba maelezo hayo yana upungufu. Umbo la awali, yaani ubapa mfupi wenye uti katikati, lilitokana na tabia ya chuma kilichoyeyushwa milimani kwa makaa na mivukuto. Ubapa mrefu ulienea pale waya na vyuma vingine vya kigeni vilipofika kwa wingi kupitia bonde la Mto Ruvu. Inahitimishwa kwamba historia ya sime haiwezi kuandikwa kikamilifu bila kumrejesha mhunzi, na kwa namna ya pekee ukoo wa Washana wa Upare, katika nafasi anayostahili.

Istilahi muhimu: sime, mkuki, uhunzi, Washana, Upare, msururu wa utendaji

1.0 Utangulizi

Milima ya Upare imejipanga kutoka kaskazini-magharibi kuelekea kusini-mashariki, kati ya Kilimanjaro na Usambara. Upare Kaskazini, penye Ugweno na Usangi, umo katika Wilaya ya Mwanga. Upare Kusini, penye Mbaga, Chome, Mamba na Gonja, umo katika Wilaya ya Same, na kilele chake kirefu ni Shengena, chenye urefu wa karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Magharibi ya milima lipo bonde kavu la Mto Ruvu, ambao kuelekea pwani hujulikana kama Pangani. Mashariki zipo nyika za Mkomazi. Mji wa Same umekaa chini ya milima, mahali ambapo njia ya kutoka pwani kwenda Kilimanjaro hupita. Jiografia hiyo ina uzito katika mada hii: mlimani palikuwa na maji, miti na mchanga wenye chuma, bondeni palikuwa na wafugaji, misafara na vita.

Sime ni upanga mfupi wenye makali pande zote mbili, mwembamba karibu na mpini na mpana zaidi kuelekea nchani. Hutumiwa na jamii nyingi za Afrika Mashariki: Wamaasai huuita ol alem, na Wakikuyu na Wakamba nao wana sime zao. Hata hivyo, katika makumbusho, katika vitabu vya picha na katika maduka ya watalii, silaha hii na mkuki unaoandamana nayo huitwa kwa kawaida "vya Kimaasai". Jina hilo humtambulisha aliyevaa silaha na kumficha aliyeifua. Tatizo hilo si la jina tu. Anayeanza na mpiganaji huuliza kwa nini mpiganaji alitaka silaha ya umbo fulani. Anayeanza na mhunzi huuliza swali la kwanza zaidi: ni umbo lipi lililowezekana kwa chuma kilichokuwapo?

Makala hii inajibu swali hilo la pili. Hoja yake kuu ni kwamba mabadiliko ya awali ya umbo la silaha za mkono katika eneo hili yalifuata mabadiliko ya upatikanaji wa chuma, na kwamba matakwa ya mpiganaji yalifanya kazi ndani ya mipaka ambayo chuma kiliiweka.

2.0 Mkabala na Data

Makala inaongozwa na mkabala wa msururu wa utendaji, unaohusishwa na mwanaakiolojia na mwanaanthropolojia Mfaransa André Leroi-Gourhan. Kwa mujibu wa mkabala huo, kifaa hakieleweki kwa kutazamwa kikiwa kimekamilika tu. Sharti kifuatwe tangu malighafi inapopatikana, kupitia kila tendo la utengenezaji, hadi kinapotumika, kinaporekebishwa na kinapotupwa. Kwa silaha ya chuma hatua hizo ni nne: kupata mchanga wenye chuma na makaa, kuyeyusha, kufua, na kutumia. Kila hatua huacha alama katika umbo la kifaa.

Data ni za aina tatu. Ya kwanza ni historia ya Wapare iliyoandikwa kutokana na masimulizi, hasa kazi ya Isaria Kimambo (1969). Ya pili ni maandishi ya wageni waliopita au kukaa katika eneo hili, wakiwemo Harry Johnston (1886), aliyekaa Kilimanjaro mwaka 1884; Oscar Baumann (1891), aliyeandika kuhusu Usambara na nchi jirani; Moritz Merker (1904) na Alfred Hollis (1905), walioandika kuhusu Wamaasai; na Charles Dundas (1924), aliyeandika kuhusu Wachaga. Ya tatu ni matokeo ya akiolojia ya Upare Kaskazini, kuanzia kazi ya Knut Odner (1971) hadi uchunguzi wa Louise Iles na wenzake (2018) kuhusu uzalishaji wa chuma na mabadiliko ya mandhari. Maandishi ya wageni yanasomwa kwa tahadhari, kwa kuwa waandishi wake waliziona silaha mikononi mwa wapiganaji mara nyingi zaidi kuliko walivyokaa na wahunzi kando ya moto.

Istilahi chache zinahitaji kubainishwa. Ubapa ni sehemu bapa ya silaha yenye makali. Uti ni mwinuko unaopita katikati ya ubapa kwa urefu. Msuka ni sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Ala ni mfuko wa kutilia sime. Bonge la chuma ni chuma ghafi kinachotolewa tanurini kikiwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia. Aidha, upanga, panga, jambia na sime ni vitu vinne tofauti, na tofauti kati ya sime na panga ni ya msingi katika sehemu ya tano.

3.0 Washana na Chuma cha Upare

3.1 Uhunzi na utawala

Katika masimulizi ya Ugweno yaliyochambuliwa na Kimambo, uhunzi na utawala vilianza vikiwa kitu kimoja. Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliokuwa na mamlaka, na nguvu yao ilitegemea ujuzi wa kutoa chuma. Baadaye ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, uliwapindua. Mranga, mwana wa Angovi, ndiye anayekumbukwa kwa kuupanga upya utawala wa Ugweno. Kwa hesabu ya vizazi, Kimambo anayaweka matukio hayo karibu na karne ya 16.

Kwa mada hii, jambo la kuzingatia ni lililofuata mapinduzi hayo. Washana walipoteza utawala lakini hawakupoteza chuma. Wasuya walitawala bila kuwa wahunzi, na kwa hiyo waliendelea kuwahitaji wale waliowaondoa. Kuanzia hapo maarifa ya kutengeneza silaha yalikuwa mikononi mwa watu wasiokuwa wenye kuamuru vita. Mgawanyo huo wa kazi ulienea hata nje ya Upare. Miongoni mwa Wamaasai wahunzi ni kundi la pekee, Il-kunono, waliotengwa na wenzao katika ndoa na makazi. Miongoni mwa Wachaga pia uhunzi ulikuwa kazi ya koo maalumu, na nyundo ya mhunzi iliogopwa kwa uwezo wake wa kulaani. Katika eneo lote, basi, aliyeshika silaha na aliyeifua walikuwa watu wawili tofauti, na kumbukumbu za vita zimehifadhi zaidi majina ya upande mmoja.

3.2 Kutoka mchanga hadi bonge

Malighafi ya Upare ilikuwa mchanga mweusi wenye magnetaiti. Mvua huuporomosha kutoka katika miamba ya milima na kuukusanya katika vijito. Kwa kuwa ni mzito kuliko mchanga wa kawaida, maji huutenga, na mtu huweza kuuosha na kuupata ukiwa safi kiasi. Faida yake ni kwamba hauhitaji kuchimbuliwa wala kupondwa. Hasara yake ni kwamba hupatikana kidogo kidogo, na punje zake ndogo hudai usimamizi makini wa moto.

Mchanga huo uliwekwa tanurini pamoja na makaa, na hewa ikasukumwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi kupitia mirija ya udongo. Katika tanuri ya namna hii chuma hakifikii hali ya kutiririka kama maji. Makaa huondoa oksijeni katika mchanga, punje za chuma hushikana zikiwa bado yabisi, na takataka ndizo zinazoyeyuka na kuchuruzika. Kinachobaki ni bonge lenye matundu, lenye chuma na mavi ya chuma pamoja. Ili kulisafisha, mhunzi hulipasha moto na kulipiga tena na tena juu ya fuawe, na kila pigo huondoa takataka na sehemu ya chuma pia.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, chuma kinachopatikana ni kidogo kikilinganishwa na makaa na siku za kazi zilizotumika. Pili, chuma chenyewe hakilingani: sehemu moja ina kaboni kidogo na ni laini, nyingine ina kaboni zaidi na ni ngumu, na nyuzi za takataka hubaki ndani yake. Chuma chenye kaboni kidogo hakiongezeki ugumu wa maana hata kikizamishwa ndani ya maji kingali chekundu. Mhunzi wa Ugweno au Usangi hakuwa na njia ya kununua chuma cha aina nyingine. Alilazimika kulitafuta umbo litakalokiwezesha chuma hicho kuhimili vita.

4.0 Umbo la Awali

4.1 Sime fupi yenye uti

Sime ya umbo la zamani inaweza kusomwa kama jibu la mhunzi kwa matatizo hayo. Ubapa wake ni mfupi kwa sababu chuma laini kikirefushwa hupinda kinapogonga mfupa au ngao. Una uti kwa sababu mwinuko wa katikati huupa ubapa ukakamavu bila kuongeza chuma kingi: chuma kilekile kikikunjamana katikati hustahimili kupinda kuliko kikitandazwa bapa. Upana umesogezwa kuelekea nchani, hivyo uzito hutangulia mkono. Pigo la kukata hupata nguvu kutokana na uzito huo, na ufupi wa ubapa hufidiwa. Shingo iliyo karibu na mpini ni nyembamba lakini nene, mahali ambapo mkazo wa pigo ni mkubwa na ambapo silaha dhaifu huvunjika.

Mpini nao una maelezo yake. Sime haina kikinga mkono. Msuka huingizwa katika mpini mfupi, ambao hufunikwa kwa ngozi. Mtu aliyezoea panga za Ulaya huweza kuuona huo kuwa upungufu, lakini sime haikutumiwa peke yake. Mkono wa kushoto ulishika ngao ya ngozi, na ngao ndiyo iliyokinga mkono wa kulia. Mkuki ulitangulia, sime ikafuata pale adui alipokaribia au mkuki ulipokuwa umekwisha kurushwa. Ala ilitengenezwa kwa mbao mbili nyembamba zilizofunikwa kwa ngozi na kufungwa kwa mkanda upande wa kulia wa kiuno, ili sime ichomolewe upesi bila kugonga ngao. Umbo la sime, kwa hiyo, ni sehemu ya umbo la seti nzima.

4.2 Mkuki wa jani pana

Mkuki ulipita njia hiyohiyo. Mikuki ya zamani ya eneo hili ilikuwa na ubapa mfupi na mpana wenye umbo la jani, uliounganishwa na mti mrefu. Chuma kilihitajika nchani tu, na kazi ya kuufikia mwili wa adui ilifanywa na mti. Huo ni ubanaji mkubwa wa matumizi ya chuma. Uti ulipita katikati ya jani hilo kama ulivyopita katika sime, kwa sababu ileile. Ulinganifu wa silaha hizi mbili unaonyesha kwamba zilitoka katika fikra moja ya uhunzi, hata kama zilitumika kwa namna tofauti.

4.3 Jembe na sime

Sababu ya tatu ya ufupi wa silaha haiko katika vita hata kidogo. Washana walifua pia majembe, mashoka, visu na nyengo, na Upare ni nchi ya wakulima waliolima miteremko mikali na kuchimba mifereji ya maji. Chuma cha Upare kilibadilishwa kwa mifugo na vyakula, na kilipelekwa Uchagani, ambako wahunzi walikitumia kwa zana na silaha. Kila bonge lilikuwa na wanunuzi zaidi ya mmoja. Chuma kilichotosha kufua sime kingeweza kufua jembe, na chuma kilichoongezwa katika ubapa kilipunguzwa mahali pengine. Mahali chuma kilipokuwa adimu kiasi hicho, ubapa mfupi ulikuwa uamuzi wa kiuchumi kabla ya kuwa uamuzi wa kivita. Hapo ndipo umbo la silaha linapohusiana na chakula cha kaya, jambo ambalo maelezo yanayoanza na mpiganaji hayalioni.

5.0 Waya, Misafara na Ubapa Mrefu

5.1 Njia ya bondeni

Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Pangani na Tanga iliongezeka, ikipanda kando ya bonde la Ruvu na chini ya Milima ya Upare hadi Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Ilitafuta pembe za ndovu na watumwa, na ilipeleka nguo, shanga, bunduki na waya. Waya wa shaba ulitumika kwa mapambo. Waya mnene wa chuma ulikuwa na matumizi mengine: kwa mhunzi ulikuwa chuma kilicho tayari. Haukuhitaji mchanga, tanuri wala siku za kuchoma makaa ya kuyeyushia. Vipande vilikusanywa pamoja, vikapashwa moto hadi vikaribie kung'aa kwa weupe, vikapigwa vishikane na kuwa kipande kimoja. Chuma hicho kilikuwa kisafi na chenye kulingana kuliko bonge.

Ongezeko hilo lilikutana na mahitaji makubwa ya silaha. Baada ya kifo cha Kimweri wa Nyumbai mwaka 1862, ufalme wa Washambaa uligawanyika. Semboja, aliyekaa Mazinde bondeni karibu na njia ya misafara, alipata bunduki, na uvamizi wa kukamata watumwa ukaifikia milima ya Upare. Upande wa kaskazini, watawala wa Kichaga kama Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walishindana kwa vita na kwa biashara. Wahunzi wa Kichaga waliwafulia silaha watu wao na Wamaasai pia. Chuma cha Upare kilichokuwa kikiwafikia wahunzi hao sasa kilipata mshindani kutoka pwani.

5.2 Ubapa unarefuka

Ni katika mazingira hayo ubapa wa mkuki uliporefuka. Jani fupi na pana lilipisha ubapa mwembamba ambao katika mikuki mingi hupita nusu mita kwa urefu, uliofungwa kwenye mti mfupi wa kushikia, na chini yake fimbo nyingine ndefu ya chuma. Mkuki ambao zamani ulikuwa mti wenye chuma nchani sasa ulikuwa chuma chenye mti katikati. Merker na Hollis walipoandika mwanzoni mwa karne ya 20, umbo hilo lilikuwa limekwisha kuwa sura inayotambulisha morani wa Kimaasai. Sime nayo ilirefuka, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa kazi yake ilibaki kukata kwa karibu.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wapiganaji walitaka silaha ndefu. Bila shaka walizitaka. Lakini mtu anayepigana kwa mkuki amekuwa na sababu ya kutaka ubapa mrefu wakati wote, na kutaka peke yake hakuelezi kwa nini ubapa ulirefuka wakati huo na si kabla yake. Ulinganisho na pwani unasaidia. Mijini pwani upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili na unaojulikana kama upanga wa feleji, ulikuwapo kwa muda mrefu, kwa kuwa biashara ya Bahari ya Hindi ilileta chuma cha pua na bapa zilizokwisha kutengenezwa. Ubapa mrefu ulikuwa pwani na ubapa mfupi ulikuwa bara katika zama zilezile. Kilichotofautisha sehemu hizo mbili si ushujaa wala mbinu za vita, bali ni chuma kilichozifikia.

Hata hivyo, hoja hii isivutwe kupita kiasi. Waya ulifanya ubapa mrefu uwezekane. Haukuufanya uwe wa lazima. Kwa chuma kilekile mhunzi angeweza kufua mikuki mifupi mingi zaidi. Uchaguzi wa kurefusha ubapa mmoja badala ya kuongeza idadi ulitoka kwa morani na kwa rika lake, ambao kwao mkuki ulikuwa silaha na pia tangazo la hadhi. Chuma kiliufungua mlango, na desturi ya vijana wa vita ikachagua kupitia humo.

5.3 Panga, reli na vita vya 1916

Hatua iliyofuata ilikuja na utawala wa Wajerumani. Reli ya Usambara, iliyoanzia Tanga, ilipita chini ya Milima ya Upare kupitia Same na kufika Moshi mwaka 1911. Majembe, visu na panga za viwandani vilishushwa stesheni kwa wingi na kwa bei ambayo tanuri ya makaa haikuweza kushindana nayo. Kuyeyusha mchanga wa chuma kukafifia. Kufua hakukufa, kwani mhunzi alibadilisha malighafi. Panga la kigeni, ambalo ni zana ya shamba yenye makali upande mmoja, lilichongwa, likanolewa pande zote mbili na kupewa umbo la sime. Tupa chakavu, na baadaye springi za magari, vilifuata.

Mabadiliko hayo yanaonekana katika kifaa chenyewe. Sime iliyotokana na panga mara nyingi ni bapa, kwa sababu bamba la kiwandani lina unene mmoja na chuma chake ni kigumu vya kutosha kutohitaji mwinuko wa kuliimarisha. Pale uti unapochongwa juu yake, ni kwa heshima ya umbo lililozoeleka kuliko kwa haja. Kigezo hiki kinamsaidia mtafiti anayekadiria umri wa sime isiyokuwa na kumbukumbu: uti uliofuliwa tangu mwanzo, unene unaotofautiana na nyuzi za takataka ndani ya chuma huashiria bonge au waya, unene unaolingana kutoka shingo hadi ncha huashiria bamba la kiwandani. Kigezo hicho hakitoshi peke yake, lakini kinafaa kuwa mahali pa kuanzia.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jan Smuts yalishuka kando ya reli na Mto Ruvu yakiyafuata majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck, na Same ikapita mikononi mwao. Vita hivyo vilipiganwa kwa bunduki, bombomu na singe za viwandani. Wakati uleule, katika mahandaki ya Ufaransa, askari waliokuwa na silaha za viwanda vikubwa kuliko vyote walirudi kufua visu kwa mkono. Singe zilikatwa na kufupishwa, kwani zilikuwa ndefu mno kwa mapigano ya ndani ya handaki. Nguzo za chuma za kushikilia seng'enge zilipondwa ncha upande mmoja na kukunjwa upande wa pili ziwe mpini; kisu hicho kilijulikana kama "msumari wa Kifaransa". Umbo lake lilitokana na nguzo, na sababu yake ni kwamba nguzo ndiyo iliyokuwapo. Kanuni iliyofanya kazi katika kiwanda cha mhunzi wa Ugweno ilifanya kazi huko pia: mahitaji huuliza, na chuma kilichopo hujibu.

6.0 Mjadala

Kutokana na maelezo hayo, mabadiliko ya awali ya silaha za mkono katika eneo la Upare yanaweza kugawanywa katika vipindi vitatu. Cha kwanza ni kipindi cha bonge, ambapo chuma ni adimu na laini, na ubapa ni mfupi, mpana na wenye uti. Cha pili ni kipindi cha waya, ambapo chuma ni kingi na kisafi zaidi, na ubapa hurefuka na kuwa mwembamba. Cha tatu ni kipindi cha bamba, ambapo chuma kimekwisha kupewa unene na ugumu kiwandani, na kazi ya mhunzi inakaribia kuwa ya kuchonga na kunoa. Vipindi hivyo viliingiliana: mhunzi mmoja aliweza kutumia bonge, waya na panga lililovunjika katika maisha yake, na silaha ya zamani ilifuliwa upya kuwa silaha ya umbo jipya.

Mgawanyo huu una athari kwa namna silaha zinavyoorodheshwa. Kuiita sime "ya Kimaasai" ni kweli kuhusu matumizi, lakini silaha moja iliweza kuwa na mchanga wa Upare, nyundo ya Mchaga, waya wa pwani na mkono wa Mmaasai. Orodha yenye nafasi ya jina moja la kabila inalazimisha ushirikiano huo uwe mali ya mmoja. Kinachopendekezwa ni orodha inayotenganisha mambo manne: chanzo cha chuma, mahali pa kufuliwa, mtumiaji na njia ambayo kifaa kilimfikia mkusanyaji. Pale uchunguzi wa kimaabara wa takataka zilizomo ndani ya chuma unapowezekana, mavi ya chuma ya Upare Kaskazini yanaweza kuwa kipimo cha kulinganishia.

Hapo ndipo penye uharaka. Mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo vimelala mashambani na kando ya vijito. Hulimwa, huchukuliwa na maji ya mvua, hufunikwa na nyumba mpya. Sime nzuri ina nafasi ya kuhifadhiwa kabatini kwa sababu inapendeza. Mavi ya chuma hayapendezi, na hakuna anayeyatilia maanani. Ilhali hayo ndiyo maandishi pekee ambayo mhunzi aliyaacha kwa mkono wake mwenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba umbo la sime na mkuki wa vita katika Milima ya Upare na nyanda za Same lilibadilika kwa kufuata chuma kilichopatikana: kwanza mchanga wa vijito vya Ugweno na Usangi, kisha waya wa misafara ya bonde la Ruvu, kisha bamba lililoshushwa relini. Katika kila kipindi mpiganaji alichagua, lakini alichagua miongoni mwa maumbo ambayo mhunzi aliweza kuyafua. Washana walioondolewa katika utawala wa Ugweno waliendelea kwa karne kadhaa kuiwekea mipaka silaha ya kila aliyepigana katika eneo hili, awe Mpare, Mchaga au Mmaasai. Utafiti utakaofuata unafaa kuanza na masalia ya tanuri za Upare Kaskazini kabla hayajatoweka, na kuyalinganisha na silaha zilizokwisha kuhifadhiwa, ili kila sime isomwe tangu mchanga wake hadi ala yake.